Mashine Nyinginezo

Bandarini Mkoani afisa wa forodha aliniuliza:
"Hii ni silaha, au ni chombo cha usafiri?"
Nikatazama kreti tatu, mabawa yamefungwa kando kama majamvi.
Fomu yake ilikuwa na visanduku kumi na viwili:
mifugo ina chake, majokofu yana chake,
lakini ndege ya vita iliyoruka kabla baba yangu hajatahiriwa
haikuwa na pa kutiwa alama.
Akaazima kalamu yangu, akaandika: mashine nyinginezo.
Akagonga muhuri. Kalamu hakuirudisha.

Miaka kumi na mmoja ya karafuu.
Sitaitaja bei kwa dola, dola hainukii.
Nitaitaja kwa pishi: jaza chumba mpaka dirishani,
kisha ingia, uzame magotini.
Raya aliipiga hesabu hiyo kitandani, gizani, kwa vidole.
Nilisikia vinavyokunjwa na kukunjuliwa.
"Watu wa Chake wanasema umerogwa," akaniambia.
"Mimi nasema mchawi angekuwa na huruma zaidi."

Tuliiunga bandani, penye harufu ya makonyo.
Mcha, fundi wa boti wa Wesha, alikuja na spana zake.
Kitabu kilikuwa cha lugha tusiyoijua, herufi zimepinda kama misumari iliyong'olewa.
Akasoma michoro tu. Boliti, alisema, haina kabila.
Kwenye matundu ya mizinga alikuta viota vya dondola,
akavitoa kimoja kimoja kwa bisibisi
huku akiwaomba radhi.

Chini ya rangi ya kijani palikuwa na rangi ya kijivu.
Chini ya kijivu, ubavuni, karibu na kiti cha rubani,
mistari sita midogo,
mkono ulioichora haukutetemeka.
Mcha akadhani ni hesabu ya mapipa ya mafuta.
Nikamwacha adhani.

Kapteni Zeyana alikuja kutoka Unguja kunifundisha.
Alikalia mito miwili kiti cha nyuma, akafunga mtandio wake fundo mbili.
"Hii haikutengenezwa ikupende," alisema. "Anza hapo."
Pua yake imeinuka, njia huioni.
Unakwenda kwa kuyumba, kushoto, kulia,
kama mlevi anayepita mbele ya nyumba ya mkwewe.
Siku ya kwanza nilikimbiza mbuzi uwanja mzima.
Siku ya nne nilivunja taa, nikailipa.
Siku ya tisa kelele za lami zikakatika
kama uzi,
na Wawi yote ikaanza kushuka.

Kwenye usukani, kidole gumba hulala chenyewe
juu ya kitufe chenye kifuniko chekundu.
Walimpimia mtu fulani kidole, zamani, wakakiweka hapo.
"Usikiguse," sauti ya Zeyana sikioni.
"Kwani kina kitu?"
"Hakina."
"Basi?"
"Basi ndiyo maana. Utakizoea."

Siku ya kuruka peke yangu nilielekea Misali.
Maji yamekupwa, mwamba uko nje, mweusi, unameremeta,
na mtu mmoja anachokoa pweza.
Nikateremka nimwone. Sijui nilitaka nini.
Kidole kiliinua kifuniko kabla sijakituma.
Nikabonyeza.

Tk.

Hakuna zaidi ya hapo. Tk, kama swichi ya nyumba isiyo na umeme.
Yule mtu akanyoosha mgongo,
akainua kijiti chake na pweza akining'inia,
akanipungia.
Nikapita juu yake na kivuli changu kikampita,
nikawaza mistari sita:
wangapi kati yao walipunga?

Nilitua vibaya, nikadunda mara tatu.
Zeyana akasema nimefuzu.

Jioni Raya akanipakulia wali na mchuzi wa changu.
"Haya. Huko juu umeona nini?"
"Bati la jikoni limeoza, upande wa kibla."
"Hilo ningekwambia bure."
Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka.
Kisha nikamwomba kijiko,
mimi niliyekula kwa mkono maisha yangu yote.
Akanitazama, akaenda kukileta,
hakuuliza.